Togo, mtoto wa mbwa asiyetakiwa

Mwaka 1908 mfanyabiashara wa manyoya kutoka Urusi, William Goosak, aliwasili katika mji wa Nome, Alaska, na kundi la mbwa lililowachekesha wenyeji. Walikuwa wadogo wa umbo, masikio yamesimama, sura kama ya mbwamwitu. Wachimba dhahabu wa Nome walikuwa wamezoea majibwa makubwa ya kuvuta mizigo, hivyo wageni hao wakabandikwa jina la panya wa Siberia.

Kicheko hakikudumu. Mwaka uliofuata, Mskoti Charles Fox Maule Ramsay aliagiza mbwa wapatao 70 kutoka ng'ambo ya Mlango-Bahari wa Bering. Kundi lake mojawapo, likiendeshwa na John Johnson, lilishinda mbio kuu za Alaska, umbali wa kilomita zipatazo 656 juu ya theluji, kwa saa 74 na dakika chache. Mbwa hao walikuwa wamefugwa kwa vizazi vingi na Wachukchi wa kaskazini-mashariki mwa Siberia. Nguvu zao hazikuwa katika ukubwa wa mwili. Walikula kidogo, na waliweza kuvuta mzigo mwepesi kutwa nzima katika baridi kali.

Leonhard Seppala, Mnorwei aliyeifuata dhahabu Alaska, alikabidhiwa mbwa wa aina hiyo awafunze kwa ajili ya safari ya mvumbuzi Roald Amundsen kwenda Ncha ya Kaskazini. Safari ikavunjika, mbwa wakabaki mikononi mwake. Alishinda mbio kuu za Alaska mara tatu mfululizo, 1915 hadi 1917, na katika Alaska nzima wachache walimzidi kwa jicho la kumjua mbwa.

Hata hivyo, jicho hilo lilimdanganya kwa Togo, aliyezaliwa mwaka 1913. Alikuwa mdogo kupita kiasi, tena mgonjwa, koo limevimba, akiuguzwa na Constance, mke wa Seppala. Alipopona akawa mtukutu asiyeshikika. Akiwa na miezi 6, Seppala alimgawa kwa mama mmoja aliyetaka mbwa wa kufuga nyumbani. Togo alilivunja dirisha la kioo, akatoka, akakimbia kilomita kadhaa hadi kwa bwana wake wa kwanza.

Basi akaachwa abaki. Kazi yake ikawa kutoroka bandani na kuyasumbua makundi yaliyokuwa kazini. Siku moja, akiwa na miezi 8, alimfuata Seppala safarini na kuvuruga msafara mzima. Seppala aliona njia ya kumtuliza ni moja tu: kumfunga mikanda ya kuvutia pamoja na wenzake. Mara Togo akatulia. Kila aliposogezwa mbele alivuta vizuri zaidi, na jioni, baada ya kilomita zipatazo 120, alikuwa mbele kabisa, ubavuni mwa kiongozi wa kundi.

Januari 1925 dondakoo ilizuka Nome, na bahari ilikuwa imeganda, meli hazingeweza kufika. Dawa ilifikishwa kwa reli hadi Nenana, kisha waendeshaji 20 wakapokezana kuisafirisha kwa kilomita zipatazo 1,085. Seppala alimtanguliza Togo, wakati huo ana miaka ipatayo 12, wakavuka barafu ya Ghuba ya Norton katika dhoruba. Kwenda na kurudi, kundi lao lilikimbia zaidi ya kilomita 400.

Bandani Seppala alikuwa amemwacha mbwa wake mwingine, Balto, ambaye hakumwona kuwa na sifa za kuongoza. Mwendeshaji mwingine, Gunnar Kaasen, akamchukua Balto huyohuyo, naye ndiye aliyeongoza kundi lililoingia na dawa Nome tarehe 2 Februari. Kabla mwaka haujaisha, Balto alikuwa amesimamishiwa sanamu New York.

Mbwa wa aina hiyo, Husky wa Siberia, waliandikishwa rasmi Marekani mwaka 1930. Sura ya mbwamwitu imewaletea wapenzi wengi, na balaa pia: mwaka 2017 mwigizaji Peter Dinklage aliwasihi mashabiki wa tamthilia ya *Game of Thrones*, yenye mbwamwitu, wasiwanunue kwa sababu ya sura tu, kwa kuwa wengi waliishia kutelekezwa.

Anayetaka mtoto wa Husky asikomee kwenye macho ya buluu. Amwulize mfugaji wazazi wake wana tabia gani, na kama macho yao yamepimwa na daktari wa mifugo, maana maradhi ya macho hurithiwa katika ukoo huo. Kisha ajiulize mwenyewe: kila siku, mbwa huyu atakimbilia wapi, na nani atamkimbiza?