Simu ya Tochi
Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Ni simu ndogo ya kiganjani, na wengi waliipendea tochi yake.

Huko Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, umri wa simu kama hii hurefushwa na maarifa yanayopeanwa kwenye meza za mafundi na vibanda vya inite, yaani muda wa maongezi. Ikizimikazimika, toa betri kwanza. Tazama vyuma vidogo vinavyoigusa: jasho na unyevu wa Ziwa Tanganyika huvitia kutu ya kijani. Visugue kwa kifutio cha mwanafunzi. Vikiwa vimelala, vinyanyue taratibu kwa ncha ya sindano. Betri ikicheza, ibane kwa karatasi iliyokunjwa. Iliyovimba haina dawa, na isitobolewe kamwe.

Simu ikitumbukia ziwani, usiiwashe. Wengi huifukia kwenye mchele. Lakini fundi hodari huifungua na kuisafisha kwa spiriti, kwani mchele hauondoi matope.

Betri yake, BL-5C, huingia katika Nokia nyingine nyingi. Ndiyo maana simu iliyokufa haitupwi: betri huenda kwa jirani, kioo na vitufe hubaki kwa fundi.