HIRIZI AMBAYO SI HIRIZI: Historia ya tefilini (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, ila niliahidi sehemu ya nne, na ahadi ni deni.

Mliosoma Mathayo 23 mnakumbuka pale Yesu anapowasema Mafarisayo kwa kupanua hirizi zao. Mimi nimekua nikidhani ni hirizi hizi hizi tunazozijua, za kitambaa cheusi anazofungwa mtoto mkononi. Kumbe siyo. Kinachosemwa pale ni tefilini. Wala mtafsiri wetu asilaumiwe sana, maana neno la Kigiriki lililoandikwa kwenye Injili lina maana ya kinga, na kinga inayovaliwa mwilini kwetu ni nini kama si hirizi? Wayahudi wenyewe wanaziita tefilini, jina linalokaribiana na neno lao la sala.

Ni visanduku viwili vya ngozi, vyeusi, vina mikanda. Kimoja cha mkono, kingine cha kichwa. Ndani yake mna maandishi ya Torati yaliyoandikwa kwa mkono: mafungu mawili ya Kutoka 13, moja la Kumbukumbu la Torati 6, na moja la sura ya 11. Herufi moja ikikosekana, haifai tena kuvaliwa. Wanaume huanza wakifikisha miaka 13, na huvaa kwenye sala ya asubuhi siku za kawaida. Sabato hapana, kwa sababu Sabato yenyewe ni ishara.

Torati inasema tu maneno yafungwe mkononi na yawe kati ya macho. Haitaji kisanduku. Wakaraimu, ambao hawafuati mafundisho ya marabi, wanasema hiyo ni lugha ya mfano. Marabi wakasema hapana, ni kufunga kweli. Na ni jambo la zamani: kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zilipatikana tefilini za takriban miaka 2000 iliyopita, vidogo vidogo. Hata waliokubaliana kufunga hawakuelewana kila kitu. Rashi wa Ufaransa, aliyefariki 1105, alipanga yale mafungu manne kwa namna yake, na mjukuu wake Rabbeinu Tam akampinga babu. Mpaka leo wapo wacha Mungu wanaomiliki jozi mbili ili wasimkosee yeyote!

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapo ndipo mimi nilipanogewa. "Kati ya macho" siyo juu ya pua. Talmudi inasema ni zinapoanzia nywele, mahali ambapo kichwa cha mtoto mchanga ni laini. Yaani utosini! Na mkono ni wa kushoto, juu ya kiwiko, kisanduku kikielekea moyo. Mwenye mashoto anafunga kulia. Kisha mkanda unazungushwa mara saba kushuka mpaka karibu na kiganja, ukigusa ngozi moja kwa moja. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani anatafutiwa mshipa wa dripu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walichapisha utafiti wakijiuliza kama kubana huko kila siku kunasaidia moyo. Watu wenyewe walikuwa 20 tu, kwa hiyo tafadhali, asijitokeze mtu akaanza kujifunga mikanda mkononi.

Sheria kubwa ni mwili safi, na hapa Talmudi ina kisa chake. Warumi walipiga marufuku tefilini, na adhabu ilikuwa kutobolewa ubongo. Elisha akatoka nazo barabarani. Askari akamfukuza. Alipokaribia kukamatwa akazivua kichwani akazificha kiganjani. Umeshika nini? Mabawa ya njiwa. Akafungua kiganja, yakawa mabawa ya njiwa kweli. Marabi wakasema tefilini zinataka mwili safi kama wa Elisha huyo.

Lakini watu hao hao waliomsifu aliyehatarisha ubongo wake hawakumbana mgonjwa. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565, kinasema mwenye ugonjwa wa tumbo amesamehewa kuvaa. Na mwenye maumivu ambaye akili yake haijatulia, naye amesamehewa, kwa sababu ukiwa umezivaa hutakiwi kuzisahau hata kidogo. Nani anakumbuka kitu wakati tumbo linamkata? Aliyeandika hivyo alikuwa amewahi kumwona mgonjwa.

Nimeisoma sheria hiyo nikamkumbuka mama mmoja. Nikiwa bado mwanafunzi, wodi ya watoto, aliletwa mtoto aliyepungukiwa maji, amefungwa hirizi mkono uleule wenye mshipa mzuri. Nilichukua mkasi nikakata, sikumuuliza mama. Kanula iliingia, mtoto akapona. Mama hakunisemesha mpaka siku wanaruhusiwa. Kile kilikuwa hirizi kweli, na mkono ule niliuhitaji, sikatai. Ila kuuliza kungechukua sekunde ngapi? Pengine angeifungua mwenyewe. Siku hizi mkasi unakaa mfukoni, naanza na "Mama, naomba tukitoe hiki kwanza."