Chumvi ya vidole vitatu

Siku hizi kwenye mambo ya afya kila mtu anazungumzia ubunifu unaomweka mtu katikati, yaani ukae kwanza na mgonjwa, umsikilize, ndiyo uanze kuchora chochote. Wengi wetu tunadhani wazo hilo limezaliwa California, mbele ya ubao uliojaa vikaratasi vya rangi. Mimi nikiulizwa mfano bora naupeleka Bangladesh, vijijini, mwaka 1980.

Tuanze na dawa yenyewe. Mtu anayehara sana anakufa kwa kuishiwa maji mwilini. Zamani tiba ilikuwa dripu, na dripu inataka sindano, kitanda na muuguzi. Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari wawili vijana, David Nalin na Richard Cash, walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kutibiwa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi. Mwaka 1971, vita vilipokimbiza mamilioni ya watu kuingia India, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya Bongaon, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji hayo. Vifo vikashuka toka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Sawa, dawa ipo, tena rahisi. Sasa imfikieje mama kijijini?

Kazi hiyo waliibeba BRAC, shirika lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972 (ndiyo hiyohiyo, Tanzania na Uganda wengi wanaijua kwa mikopo). Hawakungoja paketi za kiwandani. Walichukua vilivyomo jikoni: chumvi, maji na gur, ambayo sisi tunaiita sukari guru, na jina hilo limetoka hukohuko. Kipimo kikawa mkono wa mama mwenyewe. Chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaza ngumi, maji karibu nusu lita.

Wanawake vijana wakatembea nyumba hadi nyumba wakifundisha. Mwanzoni mmoja alifundisha akina mama hadi 20 kwa siku; wakaguzi walipofuatilia wakakuta mafunzo hayajashika, idadi ikapunguzwa hadi 10. Kisha mshahara ukafungwa kwenye kumbukumbu ya mama: mkaguzi anarudi baadaye, anauliza, na mama akiwa amesahau, mwalimu wake analipwa kidogo. Nalipenda sana hili. Na walimu wenyewe wakagundua haraka kwamba mama akichanganya kwa mikono yake, hasahau.

Hapo ndipo wengi wangepiga picha na kutangaza ushindi. Akina mama walijua kuchanganya, na vizuri kabisa. Lakini watafiti waliporudi kuuliza nani anaitumia mtoto akihara, waliosema ndiyo walikuwa wachache mno.

Sababu moja ilikuwa neno. Mradi ulifundisha dawa ya kuhara kana kwamba kuhara ni kitu kimoja, kumbe vijijini kulikuwa na majina manne. Dud haga ni ya mtoto anayenyonya, ajirno inatokana na chakula kilichokataa tumboni, amasha ina kamasi, na daeria ni ile kali ya maji matupu. Akina mama walichosikia ni dawa ya daeria, basi wakaiweka kwa ajili ya daeria tu. Hawakuwa wakaidi wala wajinga. Walifuata maelekezo neno kwa neno.

Kama umewahi kumtafsiria mama au bibi yako kwa daktari, hili unalijua. Daktari anauliza kama mtoto anahara. Bibi anasema hapana, tumbo linamwendesha tu. Katikati umekaa wewe, una miaka 12, na jibu utakalotoa kwa Kiingereza ndilo litakaloandikwa kwenye faili.

Sababu nyingine ilikuwa aibu zaidi: baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini ile dawa, na wakiumwa tumbo walitafuta vidonge. Hawakukaripiwa. Walipelekwa Dhaka, wakaelezwa jinsi inavyofanya kazi mwilini. Tena wakaanza kutafuta wagonjwa wa kuhara kila walipoingia kijiji kipya, wakawatibu mbele ya majirani.

Na wanaume je? Walikuwa wameachwa nje kabisa, na ndio walioshika pesa na kuamua nani aitwe kutibu. Ikabidi wafuatwe sokoni na misikitini, mazungumzo yakafanyika huko pia. Mpaka kazi inakamilika mwaka 1990, nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimepigiwa hodi.