Miaka 56 bila kichwa cha Mtwa Mkwawa

Leo tuweke shela na hina pembeni kidogo. Sisi mafundi wa Mwanjelwa hupita Iringa kila tukishuka Dar es Salaam kufuata vitambaa, na jina la Mkwawa tumelisikia tangu shuleni. Yaliyowapata Wahehe baada ya ushindi wao hatuyasimulii sana.

Ushindi ulikuwa Lugalo, 17 Agosti 1891. Alikufa kamanda Emil von Zelewski, Wajerumani wenzake na askari zaidi ya 200. Wajerumani wakarudi na mizinga, na 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akaingia porini karibu miaka minne. Walioumia zaidi ni waliobaki: vijiji vikachomwa, chakula kikachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa. Ndugu yake Mpangile alikubali kutawala chini ya Wajerumani mwishoni mwa 1896. Mapema 1897 wakamuua. Anayesema kutii kungewaokoa, mkumbusheni Mpangile.

19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe, wakamkata kichwa. Dada zetu, sisi tunajua maiti haicheleweshwi: huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Hebu fikirini ndugu zake, mwili hapa na kichwa hakipo.

Hata wakubwa wa dunia walikiandika. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi hiyo ikawa miaka zaidi ya 30! Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi, likachaguliwa kwa vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa zake. Mwaka 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Huyu baadaye akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu, kwa hiyo ukoo haukufa.

Fuvu lenyewe halikuzikwa. Liko ndani ya kioo pale makumbusho ya Kalenga, na wanafunzi hupelekwa kulitazama. Ingekuwa uamuzi wetu, lingeshakuwa chini ya udongo zamani, lakini mzee ni wao.