Idadi ya Mishale na Idadi ya Beti: Historia ya Utungaji wa Kutwa Kucha

Mfasiri akutanapo na habari kwamba Ihara Saikaku, mshairi wa Japani, alitunga *ku* 23,500 katika mchana mmoja na usiku mmoja wa mwaka 1684, hukabiliwa na swali ambalo tarakimu peke yake haziwezi kulijibu: ni 23,500 za nini? Akiandika kwamba ni mashairi, atakuwa amemfanya mtu huyo muujiza usiosadikika. Akiandika kwamba ni mishororo, atakuwa amemnyang'anya sehemu ya kazi yake. Na akiandika kwamba ni haiku, atakuwa amempa neno lililopata maana yake ya sasa zaidi ya miaka 200 baadaye. Tarakimu ni ile ile, lakini tukio la historia hubadilika umbo kwa kadiri ya istilahi iliyochaguliwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mashindano hayo ya kutunga kwa siku nzima, kuvilinganisha vipimo vyake na vipimo vya ushairi wa Kiswahili, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri na walimu. Aidha tutaonyesha jambo moja ambalo kila afisa anayehusika na uundaji wa istilahi yampasa kulizingatia, yaani kwamba neno linapoazimwa kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, si maana yake yote inayosafiri pamoja nalo.

Asili ya jina

Wajapani waliuita utungaji wa namna hii *yakazu haikai*. Sehemu ya kwanza, *yakazu*, maana yake ni "idadi ya mishale", nayo haikutoka katika ushairi bali katika upigaji upinde. Katika mji wa Kyoto lipo jumba refu la ibada la Kibudha liitwalo Sanjūsangendō, lenye ubaraza wa urefu upatao mita 120. Katika karne ya 17 wapiga upinde walishindana hapo kwa kupitisha mishale chini ya dari ya ubaraza huo, toka mwisho mmoja hadi mwingine, bila kugusa dari wala nguzo. Lililokuwa kubwa kupita yote ni shindano la mchana na usiku, ambamo mpigaji alitupa mishale mingi kadiri mkono wake ulivyoweza kustahimili.

Yafaa tuangalie jinsi matokeo yalivyoandikwa. Mwaka 1669 Hoshino Kanzaemon alitupa mishale 10,542, na iliyopita salama ikawa 8,000. Mwaka 1686 Wasa Daihachirō alitupa 13,053, na iliyopita ikawa 8,133. Kwa hiyo kila mshindani aliandikiwa hesabu mbili: mishale iliyotoka katika upinde, na mishale iliyofika. Heshima ilitolewa kwa hesabu ya pili. Ile ya kwanza ilionyesha nguvu za mpigaji tu, wala haikumpa ushindi.

Safari ya Saikaku

Saikaku alizaliwa mwaka 1642 katika mji wa Osaka, mji wa wafanyabiashara, akafariki mwaka 1693. Alikuwa mfuasi wa Nishiyama Sōin, kiongozi wa kundi la Danrin, ambalo lilithamini wepesi wa akili, mzaha, na lugha ya watu wa mjini kuliko adabu za ushairi wa kale. Utungo waliouendeleza ni *haikai*, yaani beti fupi zinazofuatana mmoja baada ya mwingine. Kila ubeti hushikamana na ule uliotangulia, kisha huiacha ile ya nyuma zaidi na kulipeleka wazo mahali pengine. Kwa desturi watungaji walikaa pamoja wakapokezana zamu. Lakini mtu aliweza pia kutunga peke yake, akawa yeye ndiye msemaji na yeye ndiye mwitikiaji.

Mwaka 1675 mke wa Saikaku alifariki angali kijana. Katika msiba huo Saikaku alitunga peke yake beti 1,000 kwa siku moja ili kumkumbuka marehemu, nazo zikapigwa chapa. Hapana budi tukumbuke mwanzo huu, kwani huonyesha kwamba jambo lililokuja kuwa mashindano ya hadhara lilitanguliwa na maombolezo ya mtu mmoja.

Mwaka 1677 Saikaku alitunga beti 1,600 katika mchana na usiku mmoja, mbele ya watu, kule Osaka. Haukupita muda mrefu mtungaji aliyeitwa Kishi akatoa dai la beti 1,800. Baada yake Ōyodo Michikaze wa Sendai akaivuka idadi hiyo pia. Mwaka 1680 Saikaku alirudi uwanjani katika hekalu la Ikutama, mjini Osaka, akatunga beti 4,000, ambazo zilitolewa kitabuni mwaka uliofuata. Hatimaye mwaka 1684, katika hekalu la Sumiyoshi, akafikia hizo 23,500. Miongoni mwa mashahidi alikuwapo Takarai Kikaku, mwanafunzi wa mshairi mashuhuri Matsuo Bashō.

Tukizigawanya saa 24 kwa idadi hizo, beti 1,600 humpa mtungaji sekunde 54 kwa kila ubeti. Beti 4,000 humpa sekunde zipatazo 22. Beti 23,500 hazimpi hata sekunde nne. Kwa sekunde 54 karani aliyezoea kazi yake aweza kusikia, kuandika, na kuchovya kalamu wino. Kwa sekunde nne hawezi. Kwa sababu hiyo beti za mwaka 1677 na za mwaka 1680 zipo hadi leo, ambapo za mwaka 1684 makarani walibaki kuzitilia alama za kuhesabia tu. Kinachojulikana ni ule ubeti wa kufungulia. Zilizosalia zimepotea, ikabaki tarakimu.

Hapa ndipo tunapoona kilichosafiri na kilichobaki nyuma katika lile neno lililoazimwa. Ushairi ulichukua kutoka kwa wapiga upinde saa 24, mashahidi, na hesabu ya mishale iliyotoka. Haukuchukua hesabu ya mishale iliyofika. Beti za 1677 na 1680 yeyote aweza kuzipima mwenyewe, kwa kuwa maneno yake yapo. Lakini kwa zile za 1684 hapana awezaye kusema ni ngapi zilizopita ubaraza na ngapi zilizogonga nguzo.

Kipimo kwa kipimo

Sasa na tulirudie swali la mfasiri. Ubeti wa haikai huwa na mizani 17, ukifuatwa na wa mizani 14, kisha 17 tena, na kuendelea hivyo. Twatumia neno "mizani" bila wasiwasi mkubwa, kwa sababu namna ya kuhesabu ya Kijapani inakaribiana na yetu katika mambo mawili. Irabu ndefu ya Kijapani huhesabiwa mara mbili, kama vile sisi tunavyohesabu "saa" kuwa mizani mbili. Na *n* ya mwisho wa silabi huhesabiwa peke yake, kama vile *m* ya "mtu" inavyohesabiwa kwetu. Ama vina, haikai haina. Kinachoushika utungo ni mfungamano wa maana kati ya ubeti na ubeti.

Katika beti 23,500, nusu yake, yaani 11,750, ni za mizani 17, na nusu ya pili ni za mizani 14. Jumla yake ni mizani 364,250. Shairi letu la tarbia, lenye mishororo minne ya mizani 16, lina mizani 64 katika kila ubeti. Hivyo kwa uzito wa mizani peke yake, kazi ya Saikaku ni sawa na beti za tarbia zipatazo 5,690. Bado ni idadi ya kustaajabisha, lakini sasa msomaji wa Kiswahili anao ufito wa kuipimia.

Kwa ukubwa, basi, *ku* inakaribiana na mshororo wetu. Je, tuiite mshororo? Tunaonelea kwamba haifai. Mshororo wa Kiswahili ni sehemu ya ubeti. Waweza kuachia maana katikati ili imaliziwe na mshororo unaofuata. *Ku* hujitosheleza: yaweza kusimama peke yake, na yaweza kushikamana na nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya ubeti. Neno "kipande" nalo tayari lina kazi yake ya kutaja nusu ya mshororo, na kulipa kazi ya pili ni kuwachanganya wanafunzi.

Historia ya neno "ubeti" yenyewe inatupa idhini ya kuamua hivyo. Asili yake ni Kiarabu, ambamo *bayt* ni nyumba, na katika ushairi ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Lilipoingia katika Kiswahili lilikua, likawa fungu zima la mishororo. Mfasiri anayehamisha neno hilo kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili bila kulipima huizidisha kazi ya mshairi mara kadhaa. Kwa hiyo ubeti kwetu ni jina la kazi, si jina la ukubwa. Na ukubwa hauna budi kutajwa kando.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa *ku* twapendekeza "ubeti", na pale panapotolewa idadi mizani zitajwe: "beti 23,500 za mizani 17 na 14 kwa kupokezana". Neno "haiku" litumike kwa utungo mfupi unaosimama peke yake, ambao uliwekwa katika maana hiyo na Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Lisitumike kwa beti za Saikaku.

Kwa utungo wenyewe twapendekeza "tungo za mnyororo". Tumeyaepuka makusudi maneno "pindu" na "mkufu", kwa kuwa washairi wetu huyatumia kwa shairi ambalo maneno ya mwisho wa ubeti hurudiwa mwanzoni mwa ubeti unaofuata. Katika haikai kinachopokewa ni maana, si maneno.

Kwa tendo zima twapendekeza "utungaji wa kutwa kucha". "Utungaji wa siku nzima" waweza kueleweka kuwa ni toka asubuhi hadi jioni, ambapo kutwa kucha hukusanya mchana na usiku bila shaka yoyote. "Malumbano" hayafai hapa, kwani malumbano yahitaji watu wawili wanaojibizana, na Saikaku alitunga peke yake. "Mashindano" yafaa ikiwa itaeleweka kwamba mshindani aliyekuwa mbele yake ni idadi iliyoachwa na mtu mwingine mahali pengine.

Somo kwa walimu na kwa watu wa istilahi

Mwalimu apendaye kuwashirikisha wanafunzi wake katika utungaji wa siku moja atapata faida kutokana na historia hii. Zoezi lenyewe ni zuri, kwa maana humtoa mwanafunzi katika woga wa kusubiri neno kamilifu. Ila masharti yatangazwe mapema: saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya mizani, na nani karani na nani mwamuzi. Zaidi ya yote pawe na hesabu mbili kama ilivyokuwa Sanjūsangendō, yaani beti zilizotungwa na beti zilizopita. Ubeti usioandikwa usihesabiwe hata kidogo.

Umuhimu wa karani twaujua hata kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mengi yakiwa ya kujibizana na kusemwa papo hapo, yangalipotea kama si juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye baadaye aliyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu na kuyahifadhi kwa kushirikiana na W. E. Taylor. Muyaka hakuwekewa alama za kuhesabia. Waliomfuata hawana idadi ya yote aliyoyatunga, lakini wanayo maneno yake.

Saikaku mwenyewe, baada ya siku ile ya Sumiyoshi, aliipa nathari sehemu kubwa ya nguvu zake. Hadithi yake ya kwanza ndefu ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1682, na ni kwa hadithi zake kwamba anasomwa sana mpaka leo.

Kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi jambo hili si geni. Kikao cha siku moja chaweza kupitisha orodha ndefu ya maneno, na idadi hiyo yapendeza ikiandikwa katika taarifa. Lakini neno lililopitishwa bila fasili, bila mfano wa matumizi, na bila kuelezwa linatofautiana vipi na jirani zake, halina tofauti na ubeti uliotiwa alama na karani aliyechelewa. Katika taarifa zetu, basi, yafaa tuweke safu mbili: maneno yaliyopendekezwa, na maneno yaliyokutwa yakitumika darasani, ofisini na vitabuni baada ya muda uliowekwa. Safu ya pili itakuwa fupi kuliko ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa wapiga upinde wote wa Kyoto, na hiyo ndiyo itakayofaa kutolewa kuwa hesabu ya kazi yetu.