Kupima umaarufu na athari ya wanablogu: mfano wa Busia na Malaba

Wahenga walisema, avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Katika blogu mambo ni hayo hayo. Anayevuma ni mmoja, na wanaosomwa kimya kimya kila wiki ni wengi, lakini mwenye tangazo lake akitafuta pa kuliweka humwona papa peke yake. Makala haya yanaeleza namna chombo cha mtandaoni kinavyoweza kutengenezwa ili kipime mambo mawili: nani anasomwa kwa kudumu, na maandishi yake yanabadilisha nini kwa msomaji. Mfano wetu ni Busia na Malaba, upande wa Kenya, mpakani na Uganda.

Kwa nini mpakani

Kwa mtu wa Pwani, Malaba si mbali kama ramani inavyoonyesha. Reli ya zamani iliyoanzia Mombasa inafika pale kabla ya kuvuka kuingia Uganda, na trela zinazopakia bandarini huishia kwenye foleni ya Malaba au ya Busia, miji miwili iliyo umbali wa kama kilomita 30. Busia ina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, na Malaba ina chake. Dereva, wakala wa forodha na mama anayevusha mahindi, wote wanahitaji habari: foleni ikoje leo, bei ya gunia imefika wapi, karatasi gani zinatakiwa.

Habari hizo zikiwa za uongo, hasara ni ya fedha taslimu. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za eneo hili zisizozidi thamani ya dola 2,000 hutumia cheti chepesi cha asili ya bidhaa na kuvuka bila ushuru wa forodha. Asiyelijua hilo hulipa asichodaiwa, au hupita njia za panya na kunyang'anywa mzigo. Kwa hiyo kujua ni mwanablogu gani anayeaminika, tena anayefika kwa watu, ni jambo la riziki.

Vipimo vilivyotangulia

Wazo la kupima blogu si geni. Alexa, iliyoanza Marekani mwaka 1996, ilipanga tovuti za dunia kwa kutegemea zaidi watu walioweka programu yake kwenye kompyuta zao. Msomaji wa Malaba mwenye simu ya mkononi hakuwa na uzito wowote katika hesabu hiyo. Ilifungwa Mei 2022. Technorati ilianza mwaka 2002 kwa kuhesabu viungo kutoka blogu moja kwenda nyingine. Afrigator ya Afrika Kusini ilifuata mwaka 2007 ikikusanya na kupanga blogu za Kiafrika. Klout ilianza mwaka 2008 ikimpa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii alama moja kati ya 1 na 100, nayo ikafungwa Mei 2018.

Hapa Kenya, chama cha wanablogu, BAKE, kiliundwa mwaka 2011 na kuanza kutoa tuzo mwaka 2012, na wasomaji wakipewa nafasi ya kupiga kura. Kura ina faida yake, lakini huonyesha pia nani ana ndugu na marafiki wengi wa kuwahimiza. Vyombo vyote hivi vilipima sauti ya ngoma. Kama kuna aliyecheza, hilo halikuulizwa.

Kuvuma na kudumu

Tuchukue blogu mbili za kubuni na tuzifuate kwa wiki 12. Ya kwanza husomwa na watu 200 kwa wiki, ila wiki moja iliandika kisa cha mwanasiasa na wakaingia watu 9,800. Jumla yake ni 12,000, yaani wastani wa 1,000 kwa wiki. Ya pili huandika bei za soko na hali ya foleni, na kila wiki husomwa na watu 900. Jumla yake ni 10,800. Ukitazama jumla au wastani, ya kwanza imeshinda. Ukizipanga wiki zote kutoka ndogo hadi kubwa na kutazama namba ya katikati, ya kwanza ina 200 na ya pili ina 900.

Namba hiyo ya katikati ndiyo kipimo cha kwanza cha chombo chetu, kwa sababu wiki moja ya kelele haiigusi. Cha pili ni idadi ya wiki katika mwaka ambazo blogu ilisomwa na watu wasiopungua kiwango fulani. Cha tatu tunakiazima kwa wanasayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza namna ya kupima mtafiti kwa makala zake zinazotajwa na wenzake. Kwa blogu hesabu ni hii: ikiwa makala sita zimetajwa kila moja na tovuti nyingine zisizopungua sita, blogu hiyo ina alama ya sita. Makala moja iliyotajwa na tovuti mia haipandishi alama zaidi ya moja. Hapa ni haba na haba hujaza kibaba.

Kuhesabu watu wa mpakani

Hapa ndipo vyombo vingi vinapokosea. Chombo cha kawaida hukisia mahali alipo msomaji kwa namba ya mtandao wake. Anayetumia data ya simu mara nyingi huonekana yuko Nairobi, kwa kuwa mitambo ya kampuni iko huko. Mawimbi nayo hayasomi ramani, hivyo mtu wa Busia ya Uganda mwenye laini ya Kenya huhesabiwa kuwa Mkenya.

Sera za serikali huvuruga hesabu zaidi. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 zake kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa na intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Wengi wakakimbilia programu za VPN, na msomaji aliyeketi kibandani hatua chache kutoka kizuizi cha forodha akahesabiwa kuwa yuko Ulaya au Marekani. Katika siku za kuzimwa, blogu yenye wasomaji wa ng'ambo ya mpaka lazima ishuke, bila kosa lake.

Dawa ni tatu. Kwanza, chombo kisitoe hukumu kwa mahali peke yake, kimwulize msomaji mara moja anasomea wapi na kimruhusu asijibu. Pili, kiwe na kalenda ya matukio, ili siku za kuzimwa intaneti ziwekwe kando. Kalenda hiyo ibebe pia siku za mshtuko, kama Januari 2022, madereva walipogomea ada ya dola 30 ya kipimo cha lazima cha Korona, foleni ya Malaba ikarefuka na mafuta yakaadimika Uganda. Siku kama hizo kila anayeandika habari za mpaka husomwa. Tatu, kihesabu lugha. Watu wa huku husoma Kiswahili na Kiingereza, na nyumbani kuna Kiteso, Kisamia, Kikhayo na Kimarachi. Anayeandika Kiteso hatafikia hesabu za anayeandika Kiingereza, lakini huenda ndiye pekee anayefahamika kwa bibi wa Amukura.

Athari: somo lililotoka Busia kwenyewe

Kusomwa si kubadilisha. Athari ni tofauti kati ya yaliyotokea na yale ambayo yangetokea kama makala yasingeandikwa. Namna ya kuipima tofauti hiyo ilipata moja ya mifano yake mashuhuri duniani katika Busia hii hii. Kuanzia 1998, shule 75 za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walilinganisha shule zilizopata na zilizokuwa zikisubiri, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro ulipungua kwa robo. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Takwimu zao zilipohesabiwa upya na watafiti wengine mwaka 2015, pakazuka mjadala mkali, na mjadala huo uliwezekana kwa sababu takwimu zilikuwa wazi.

Somo lake kwa blogu ni la moja kwa moja. Mwanablogu ameandaa maelezo kuhusu cheti chepesi cha forodha. Chukua masoko ya Busia, Malaba, Bumala, Amukura, Funyula na Port Victoria, upige kura ni yapi yatapelekewa maelezo hayo mwezi huu na yapi mwezi ujao. Kisha waulizwe wafanyabiashara wa pande zote kama wanakijua cheti na kama wamekitumia. Tofauti kati ya pande mbili ndiyo athari. Masoko sita ni machache, kwa hiyo zoezi lirudiwe kwa makala nyingi kabla ya kutoa hukumu.

Utafiti ule ulidai jambo jingine: hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ilipungua kwa jirani. Habari nazo huambukiza. Mmoja husoma, akamsimulia mwenziwe kwenye bodaboda, naye akaifikisha sokoni. Kwa hiyo tusiwaulize waliosoma tu. Tuwaulize wote, na tuulize habari waliisikia kwa nani.

Chombo chenyewe

Sehemu zake ni nne. Ya kwanza hutembelea blogu zilizojiandikisha na kukusanya makala mapya pamoja na viungo. Ya pili hupokea hesabu za wasomaji kutoka seva ya kila blogu. Ya tatu ni hifadhidata yenye kalenda ya matukio na majibu ya masokoni. Ya nne ni ukurasa wa umma, mwepesi, unaofunguka kwenye simu ya bei ndogo. Ukurasa huo uonyeshe vipimo kila kimoja peke yake: kudumu, kutajwa na athari. Vikichanganywa kuwa alama moja, mwenye kelele atajificha nyuma ya namba, na mwenye faida atapotea.

Kanuni ya hesabu itangazwe wazi, kwani wajanja hawakosekani. Wapo wanaonunua wafuasi na wapo wanaotumia mashine za kubofya. Wasomaji mia tano wanaoingia dakika moja na kutoka bila kuteremka ukurasa si wasomaji. Faragha nayo ilindwe: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ukusanye kile unachohitaji tu. Mama anayevusha mahindi hana sababu ya kuandikwa jina lake ili blogu ipate alama.

Faida kwa Pwani

Kikifaulu Busia na Malaba, chombo hiki kinaweza kuhamishiwa Lunga Lunga na Horohoro, au Taveta na Holili, ambako ndugu wa pande mbili husomana vivyo hivyo. Kazi ya kuanzia ni ndogo: kuorodhesha blogu zinazoandika habari za mpaka, kuzifuata kwa wiki 12, kisha kwenda sokoni kuuliza. Hapo ndipo mwenye fedha za matangazo atakapowaona na samaki wengine, wala si papa peke yake.