Wosia wa Mfalme Asiye na Mtoto

Carlos II alirithi kiti cha Uhispania mwaka 1665 akiwa na umri wa miaka mitatu, na kwa miaka 35 iliyofuata Ulaya ilikaa ikingoja afe. Mabalozi waliokuwa Madrid hawakuacha kuandika kwao habari za afya yake. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na taya lake la chini lilitokeza mbele hata kutafuna kukawa kazi. Baba yake, Felipe IV, alikuwa amemwoa binti wa dada yake mwenyewe, na ndoa za aina hiyo hazikuwa ngeni katika ukoo wa Habsburg. Kwa vizazi kadhaa tawi la Madrid na tawi la Vienna walikuwa wakioana wao kwa wao ili mali isitoke nje ya nyumba. Carlos naye alioa mara mbili, asipate mtoto. Katika kasri yakazuka maneno kwamba mfalme amerogwa, na mapadri wakaitwa wampunge pepo.

Mali iliyokuwa ikingojewa haikuwa haba. Mbali na Uhispania yenyewe kulikuwa na Milan, Naples, Sicily, Sardinia, nchi ambayo leo ni Ubelgiji, makoloni ya Amerika kuanzia Mexico hadi Chile, na visiwa vya Ufilipino. Hazina ya Madrid ilikuwa tupu na majeshi yake yamechoka, lakini fedha ya migodi ya Amerika ilikuwa bado inavuka bahari, na bandari za himaya hiyo kila mfanyabiashara alizitamani.

Wadai walikuwa watatu. Louis XIV wa Ufaransa alikuwa mtoto wa binti wa mfalme wa Uhispania, na mkewe María Teresa alikuwa dada yake Carlos kwa baba. Leopold I, mfalme mkuu aliyekaa Vienna, alikuwa na hoja zilezile: mama yake na mke wake wa kwanza wote walitoka Madrid. María Teresa alikuwa ameukana urithi alipoolewa, kwa sharti kwamba baba yake amlipe mumewe escudo 500,000 za dhahabu, maana kwa desturi yao baba wa bibi harusi ndiye aliyetoa mali. Dhahabu hiyo haikulipwa, na wanasheria wa Paris hawakuisahau.

Mdai wa tatu alikuwa mtoto mdogo, Joseph Ferdinand wa Bavaria, mjukuu wa Leopold kwa binti. Bavaria ilikuwa nchi ndogo isiyomtisha mtu, kwa hiyo mwaka 1698 Louis alikubaliana na William III, mfalme wa Uingereza na kiongozi wa Uholanzi, kwamba mtoto huyo apewe Uhispania na sehemu kubwa ya himaya, wengine wagawane kilichobaki. Mapatano hayo yalidumu miezi michache tu. Februari 1699 Joseph Ferdinand aliugua, akafa akiwa na umri wa miaka sita. Vita vilivyofuata viliua watu kwa malaki, ila mara tatu au nne mwelekeo wake ulibadilishwa na kifo cha mtu kitandani, na hiki kilikuwa cha kwanza.

Louis na William wakakaa tena. Mkataba wa 1700 ulimpa Karl, mwana mdogo wa Leopold, Uhispania na makoloni, na Ufaransa ikapangiwa maeneo ya Italia. Leopold alikataa kutia sahihi. Madrid ilikasirika zaidi, kwa sababu majirani walikuwa wanagawana mirathi na mwenyewe yu hai. Washauri wa Carlos, wakiongozwa na Kardinali Portocarrero, hawakujali sana nani atarithi. Walichotaka ni himaya isikatwe vipande, na waliona kwamba mwenye nguvu za kuilinda ni mmoja tu. Mwanzoni mwa Oktoba 1700 mfalme, akiwa hoi, alitia sahihi wosia: kila kitu kiende kwa Philippe, mjukuu wa pili wa Louis, kijana wa miaka 16. Wafaransa wakikataa, kila kitu kiende kwa Karl. Novemba 1 Carlos alifariki.

Wosia huo ulikuwa mtego. Louis angeukataa, himaya nzima ingekwenda Austria. Angeukubali, angekuwa amevunja mkataba alioutia sahihi mwaka uleule. Novemba 16 aliwafungulia watu milango ya chumba chake Versailles na kumtambulisha mjukuu wake kuwa mfalme wa Uhispania, Felipe V.

Hata hapo vita vingeweza kubaki kati ya Ufaransa na Austria peke yao. Wafanyabiashara wa London na Amsterdam hawakuwa na hamu ya kulipa kodi ya vita, na serikali zao zilimtambua Felipe. Louis ndiye aliyewasukuma. Mwaka 1701 alithibitisha kwamba mjukuu wake hajapoteza haki ya kurithi pia kiti cha Ufaransa. Akapeleka askari katika ngome za Ubelgiji ambamo Waholanzi waliweka walinzi wao. Kampuni ya Kifaransa ikapewa asiento, kibali cha kuuza watumwa wa Kiafrika katika makoloni ya Uhispania. Septemba, James II alipofia uhamishoni, Louis akamtambua mwanawe kuwa mfalme halali wa Uingereza. Mwezi huohuo Uingereza, Uholanzi na Austria zilitia sahihi muungano mjini The Hague, na mwaka 1702 zikatangaza vita.

Mapigano yalienea Italia, Ujerumani, Ubelgiji, Uhispania, baharini na hadi misitu ya Amerika Kaskazini. Jemadari aliyevuma kuliko wote upande wa muungano alikuwa John Churchill, Duke wa Marlborough. Mei 1704, Vienna ikiwa hatarini, alilitoa jeshi lake karibu na Cologne na kulipeleka hadi mto Danube, zaidi ya kilomita 400, kwa muda wa wiki tano hivi. Chakula kilinunuliwa njiani kwa pesa taslimu, kwa hiyo wakulima walikileta wenyewe badala ya kukificha. Heidelberg kila askari alikuta viatu vipya vinamngoja. Agosti 13, karibu na kijiji cha Blenheim, Marlborough na mwenzake Prince Eugene wa Savoy walilivunja jeshi la Ufaransa na Bavaria, ambalo lilipoteza zaidi ya watu 30,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Jioni Marlborough, akiwa bado juu ya farasi, aliazima kipande cha karatasi kilichokuwa hesabu ya vinywaji vya baa. Nyuma yake alimwandikia mkewe kwa penseli amweleze Malkia Anne wa Uingereza kwamba jeshi lake limeshinda, na kwamba jemadari Tallard wa Ufaransa yumo katika gari la Marlborough mwenyewe, mateka.

Ushindi uliendelea Ramillies na Turin mwaka 1706, lakini Uhispania ilikataa kushindwa. Karl alitua Barcelona mwaka 1705 na Wakatalani wengi wakamfuata, ila Castile ilibaki na Felipe, ikimwona Karl kama mtu aliyeletwa na Waprotestanti na Wareno. Aprili 1707 majeshi yalikutana Almansa. Jeshi la Uingereza liliongozwa na Mfaransa, Mprotestanti aliyekimbia nchi yake. La Ufaransa na Uhispania liliongozwa na Duke wa Berwick, mwana wa nje wa James II, ambaye Marlborough alikuwa mjomba wake. Berwick alishinda.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1709. Usiku wa kuamkia Januari 6 baridi kali iliishukia Ufaransa, mito ikaganda, na divai ikaganda mezani kwa mfalme. Mbegu zilizokuwa ardhini zikafa. Kwa njaa na maradhi yaliyofuata walikufa watu wapatao 600,000. Louis alipeleka vyombo vyake vya dhahabu vikayeyushwe, akamtuma waziri wake The Hague kuomba amani. Alikuwa tayari kuachia karibu kila kitu, lakini washindi walimtaka ahakikishe mwenyewe kwamba Felipe anaondolewa Uhispania. Kumpiga vita mjukuu wake hakukubali. Badala yake aliwaandikia raia wake barua iliyosomwa mikoani, akiwaeleza kwa nini amani imeshindikana. Septemba, huko Malplaquet, Marlborough alishinda tena, lakini upande wake ulipoteza zaidi ya watu 20,000, karibu mara mbili ya Wafaransa. London watu walianza kuuliza vita hivi ni vya nini. Uchaguzi wa 1710 ukawapa ushindi wanasiasa waliotaka viishe.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa ndui uliwapa sababu. Aprili 17, 1711 Joseph I, kaka yake Karl aliyekuwa amemrithi Leopold, alifariki Vienna akiwa na umri wa miaka 32, na hakuacha mtoto wa kiume. Karl akawa mrithi wa Austria yote. Muungano uliopigana miaka kumi ili nyumba moja isitawale nchi mbili kubwa ukajikuta ukipigana kumpa mtu mmoja Vienna na Madrid. Uingereza ilizidisha mazungumzo yake ya siri na Ufaransa, na mwisho wa mwaka Marlborough aliachishwa kazi.

Ndui hiyohiyo ilikuwa imemuua mwana wa Louis siku tatu kabla ya Joseph. Februari 1712 surua ikaingia Versailles. Ikamuua mke wa mjukuu mkubwa wa mfalme, siku sita baadaye mume mwenyewe, na mwezi Machi mtoto wao wa miaka mitano. Alibaki mdogo wake, wa miaka miwili, naye mgonjwa. Madaktari walikuwa wamemtoa kaka yake damu hadi akafa. Mlezi wao, Madame de Ventadour, alimfungia mdogo chumbani na kuwazuia wasimguse. Mtoto akapona. Kati ya Felipe na kiti cha Ufaransa alisimama mtoto huyo tu, na Uingereza ikashikilia kwamba bila Felipe kuikana Ufaransa hakuna amani. Novemba 1712 aliikana.

Mikataba ya Utrecht, 1713, na Rastatt, 1714, ilifanya kile ambacho wosia ulikataza. Felipe alibaki na Uhispania na makoloni. Austria ilichukua Ubelgiji, Milan, Naples na Sardinia, na Savoy ikapewa Sicily. Uingereza ilipata Gibraltar, Minorca, Newfoundland na Acadia, pamoja na asiento ya miaka 30: kila mwaka Waafrika 4,800 kwa hesabu ya wauzaji, ambamo mtu mzima mwenye afya alikuwa kipimo kimoja na mtoto alikuwa sehemu tu ya kipimo. Wakatalani hawakupata kitu. Waingereza waliowachochea wakawaacha, na Septemba 11, 1714, Berwick yuleyule aliiteka Barcelona baada ya mji kuzingirwa kwa muda mrefu. Felipe akafuta sheria na mabaraza yao ya kale. Tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya taifa ya Catalonia hadi leo.

Karl, sasa mfalme mkuu Charles VI, hakuwa na mtoto amani ilipokuwa ikitafutwa. Mwaka 1713 alitangaza kwamba nchi zake zisigawanywe kamwe, na akikosa mwana basi zirithiwe na binti. Mwanawe wa pekee alikufa mchanga mwaka 1716. Mwaka uliofuata alizaliwa Maria Theresa, na kwa maisha yake yote yaliyobaki baba alitafuta kote Ulaya sahihi za wafalme wa kumkubali, Prussia ikiwemo. Alizipata karibu zote. Alifariki Oktoba 1740, na Desemba jeshi la Prussia liliingia Silesia, mojawapo ya nchi alizomwachia binti, vikaanza vita vingine vya urithi vilivyodumu miaka minane.